Faili linaloitwa Kiwanuka

Kwenye laptopu yangu ya ofisini kuna faili moja nimelipa jina Kiwanuka. Ndani kuna maombi ya kwenda Mahakama Kuu ili iamuru mtu aliyeshikiliwa aletwe mbele yake, kuna hati ya dharura na hati ya kiapo, vyote vimeshaandikwa, kilichobaki wazi ni jina la mtu, kituo na tarehe aliyokamatwa. Juzi binti mmoja aliyekuja fildi akaliona akaniuliza, dada, huyu Kiwanuka ni mteja wetu? Nikamwambia vuta kiti. Niliyomsimulia ndo nayaandika hapa, ila hapa naandika na yale ambayo yeye sikumwambia.

Mimi ni wakili wa kujitegemea, nafanyia kazi Bukoba. Jina la Kiwanuka nililisikia mara ya kwanza nikiwa binti wa form three, tena sio darasani. Likizo nilikua naenda Kampala na shangazi yangu kuchukua mzigo wa nguo, tunapanda basi asubuhi tunavuka Mutukula, tunapita Masaka, jioni tunashuka katikati ya makelele ya matatu za Old Taxi Park. Shangazi alikua ananishika mkono kwa nguvu ananiambia tukipotezana usizunguke, we uliza Ben Kiwanuka Street, nikute pale. Kwa hiyo kwangu mimi Ben Kiwanuka ilikua sehemu ya kumsubiri shangazi. Miaka sita saba nimepita ule mtaa na mabegi kichwani na sikuwahi kujiuliza huyo alikua nani.

Kitu kingine nakumbuka ni kwamba shangazi alikua haniruhusu kuongea Kiswahili na watu wazima wa kule. Siku moja nilimsalimia mama mmoja muuzaji, shikamoo mama, nikaona uso umebadilika, akarudisha vitu vyake kwenye beseni kama anataka kuondoka. Shangazi akaniwahi kwa Kihaya, na Kihaya na Kiganda vinasikilizana kidogo, yule mama akatulia. Baadae ndo akanieleza kwamba kwa watu wa umri ule Kiswahili kilikua lugha ya wanajeshi, lugha iliyogonga mlango usiku. Na kweli Idi Amin, mwanajeshi aliyekua anatawala Uganda, ndo aliyekitangaza Kiswahili lugha ya taifa mwaka 1973. Nilikua mtoto, iliniuma kidogo, lugha yetu jamani tunaimbia kwaya tunaombea, kumbe kuna mtu akiisikia anaona bunduki.

Sasa niruke nije kwenye kesi, maana Kiwanuka mwenyewe nilimjua kupitia kesi.

Nilikua na mwaka wa tatu tu kwenye uwakili, nafanya kazi chini ya mzee mmoja ambaye ofisi ilikua yake. Jumanne moja asubuhi akaja mama na khanga mbili, moja kiunoni moja kichwani, akasema mwanangu, leo siku ya tatu sijamuona kijana wangu. Kijana ana miaka 19, anaendesha bodaboda, alikamatwa usiku kwenye njia za panya akiwa na magunia mawili ya kahawa, wanasema ilikua inavushwa kwenda upande wa pili. Watu wa Kagera mnajua habari ya kahawa ya magendo, bei ikipanda kule inahama huku, na anayekamatwa mara zote ni mwenye pikipiki, mwenye mzigo humuoni. Mama hakuja kuniambia mwanae hana kosa. Alisema tu, kama kakosa apelekwe kwa hakimu, mbona hawampeleki.

Na sheria ndo hivohivo inavosema, saa 24, mtu apewe dhamana au afikishwe mahakamani. Huyu alikua ameshazipitisha.

Nikapiga simu kituoni. Sitakitaja, na aliyepokea sitamtaja, tulikua tunafahamiana vizuri, nikija na wateja wengine ananisaidia dhamana inatoka haraka, tunataniana, naulizia watoto wake. Akaniambia wakili tulia, upelelezi bado, ukikimbilia mahakamani utatuharibia na utajiharibia mwenyewe. Akasema tena kwa sauti ya kirafiki kabisa, tupe siku mbili tatu.

Nikampa. Hiyo Jumanne nikampa. Nikajiambia nina wateja wengine wanne pale, nikiwapeleka hawa Mahakama Kuu leo, kesho mlango umefungwa kwa wote. Nikajiambia pia kijana ana nguvu, siku mbili hazimuui. Jumatano ikapita nashughulikia mirathi ya watu. Alhamisi mchana nikapiga simu tena, nikaambiwa kesho.

Alhamisi jioni yule mama akarudi. Hakusema kitu, alikaa kwenye benchi pale koridoni na hotipoti yake mapajani. Nikamuuliza mama vipi, akafungua mfuniko akanionyesha, ndizi na maharage, zimeshapoa, hakijaguswa chochote. Alikipeleka kituoni saa sita mchana wakamrudisha. Akafunika. Akaendelea kukaa.

Mzee akatoka chumbani kwake, akamuangalia mama, akaniangalia mimi. Akauliza swali moja, umepeleka lini maombi? Nikasema bado mzee, tulikua tunaongea nao kwanza. Hakufoka, huyu mzee hana tabia ya kufoka. Akamuomba mama aende nyumbani akamuahidi kwamba usiku ule karatasi itaandikwa, alafu akaniita ndani, akakaa, akaanza kunisimulia habari za mwaka 1972 huku mimi mikono iko kwenye kibodi.

Mwaka ule mzee alikua mtoto wa shule hapahapa Bukoba. Katikati ya Septemba wapiganaji wa Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, walivuka kutoka huku kwetu kwenda kumtoa Amin, wakashindwa, na Amin akajibu kwa ndege, zikapiga mabomu Bukoba. Mzee anakumbuka mwalimu akiwaambia laleni chini, anakumbuka alivokimbia na kiatu kimoja. Sasa wiki hiyohiyo, Bukoba bado watu wanazika, kule Kampala tarehe 21 Septemba watu wenye silaha waliingia Mahakama Kuu wakamchukua Jaji Mkuu wa nchi, Ben Kiwanuka, ofisini kwake mchana kweupe. Wakaondoka nae. Mpaka leo mwili haujapatikana.

Alafu mzee akaniuliza unajua alikua amefanya nini? Alikua amesaini karatasi kama hiyo unayoandika.

Vidole vilisimama kwenye kibodi. Mimi nilikua nimeogopa kukosa kupokelewa simu na afande!

Maombi tuliyasajili kwenye mfumo usiku uleule. Ijumaa saa nne asubuhi wenzetu wa upande wa pili walikua na nakala mkononi. Ijumaa saa nane mchana, kabla hata shauri letu halijaitwa mbele ya Jaji, kijana akafikishwa mahakama ya wilaya, akasomewa shitaka, akapata dhamana. Ndo inavokuaga mara nyingi, karatasi ikifika tu upelelezi unakamilika ghafla. Nilikua mlangoni anatoka. Mkono wa kushoto ulikua umevimba kuanzia kwenye kiwiko mpaka vidole, anaushikilia kwa ule mwingine kama mtu aliyebeba mtoto. Nikamuuliza lini hii? Akasema Jumatano usiku dada.

Jumatano usiku. Jumatano usiku mimi nilikua nyumbani, tumekula samaki na wanangu, nimeangalia taarifa ya habari, nimelala.

Wiki iliyofuata mama yake akaniletea mkungu wa ndizi ofisini, ananishukuru kwa kupiga magoti kama wanavofanya kina mama wa kwetu, nikamuinua, sikumwambia kitu kuhusu zile siku mbili. Nimekaa nazo miaka. Simu ile ya kwanza ndo kosa langu kubwa katika kazi hii na hakuna kamati yoyote ya mawakili inayoweza kuniita kwa ajili yake, kwa sababu kwenye faili kila kitu kinaonekana kimeenda sawa, tumeomba, mtu katoka.

Baada ya hapo ndo nikaanza kumtafuta huyu Kiwanuka, na nilivyozidi kumsoma nikaona alikua mtu wa karibu kuliko nilivodhani. Benedicto Kiwanuka alizaliwa Mei 1922 kijiji cha Kisabwa, Buddu, upande wa Masaka, yaani basi letu lilikua linapita nyumbani kwao. Vita Kuu ya Pili ikamkuta kijana, akaingia KAR, lile jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, mwaka 1942, akafika Kenya, Misri mpaka Palestina, akatoka 1946. Na KAR ilikua jeshi la Kiswahili. Mwaka huo wa 1946 anapotoka ndo mwaka Idi Amin anaingia jeshi hilohilo, akianzia jikoni. Kila nikifika hapo huwa nasimama kidogo.

Alipotoka jeshini akapata kazi Mahakama Kuu, karani na mkalimani. Hii sehemu ndo naipenda kuliko zote na watu wanaipita haraka wakimsimulia. Mimi pia nilianza hivo, kwa namna ya kitoto. Bibi yangu alikua na kesi ya kibanja kwenye baraza, Kiswahili chake kilikua cha kuokoteza, nikawa naenda nae namtafsiria nikiwa na sare za shule. Bibi anasema maneno kumi, mjumbe anaandika mawili. Nilikua naona kabisa kibanja kinavopotelea kati ya mdomo wa bibi na kalamu ya yule bwana. Mtu akishasimama pale katikati, akaona jinsi neno la mnyonge linavofika kwa mwamuzi likiwa limekatwa mikono, haiwezekani akabaki kama alivokua. Kiwanuka alisimama pale miaka kadhaa anatafsiri maneno ya watu kwa majaji wa kizungu. Alafu akaenda kusoma, kwanza Roma kule Basutoland ambayo saivi ni Lesotho, kisha mwaka 1952 London, University College, na 1956 akapokelewa Gray's Inn, chama cha mawakili kulekule London, kuwa wakili. Akarudi Kampala akafungua ofisi yake. Ana miaka 34, ana familia, ana sheria mkononi, angeweza kuishia pale akala vizuri.

Mwaka 1958 akachukua uongozi wa chama cha DP, yaani Democratic Party, ambacho kauli yake ni Ukweli na Haki. Kilikua kimeanzishwa 1954, na nguvu yake kubwa ilikua Wakatoliki waliochoka kuwekwa pembeni na Mengo, yaani serikali ya Kabaka, mfalme wa Buganda, maana vyeo vikubwa vya Buganda vilikua vya Waprotestanti. Na Kiwanuka alikua Mkatoliki, mtoto wa watu wa kawaida, sio wa ukoo wa wakubwa.

Sasa uchaguzi wa Machi 1961. Mengo wakawaambia Waganda msijiandikishe, msipige kura, kwa sababu hawakuona ufalme wao umewekwa wapi kwenye hiyo Uganda mpya. Watu wakatii, karibu wote. Wachache sana wa DP wakaenda kupiga kura, na DP ikachukua viti 20 kati ya 21 vya Buganda. Nchi nzima UPC, chama cha Obote, ilikua na kura nyingi zaidi, ila viti DP ndo ikawa navyo, Kiwanuka akawa kiongozi wa serikali, na tarehe 1 Machi 1962 nchi ilipopata serikali ya ndani akawa Waziri Mkuu wa kwanza.

Mawakili wenzangu mtanielewa, ile ilikua hukumu ya upande mmoja. Ushindi ni halali, taratibu zimefuatwa, mwenzako aliitwa hakuja, hakimu kakupa. Lakini kila wakili anajua hukumu ya namna hiyo hailaliwi usingizi, mwenzako atakuja kuomba itenguliwe na mara nyingi itatenguliwa. Mwaka wangu wa kwanza nilishinda kesi ya nyumba hivo, mteja akachinja mbuzi, miezi minne baadae tumerudi mwanzo kabisa na mdaiwa yuko mbele yetu na mawakili wawili. Kwa Kiwanuka haikuchukua muda pia. Mengo wakaunda chama chao, Kabaka Yekka, wakashikana na UPC, na uchaguzi wa Aprili 1962 ukamtoa. Kwao ilikua haivumiliki mtu wa kawaida akae juu ya Kabaka. Tarehe 9 Oktoba bendera inapandishwa, Waziri Mkuu ni Obote. Kiwanuka alikua ameshakabidhi ofisi kwa amani, hakuna mtu alimwaga damu kwa ajili yake. Hilo naona halijasemwa vya kutosha. Miaka minne tu baadae, Mei 1966, wale waliomuondoa walikua wanapigana wao kwa wao, jeshi la Obote liko ndani ya Lubiri, ikulu ya Kabaka, na Kabaka Mutesa anakimbia.

Kiwanuka alibaki kwenye upinzani na mwaka 1969 Obote akamfunga, bila kesi ya maana. Kwa hiyo aliijua jela kwa ndani, sio kwa kusoma. Alitolewa na nani? Na Amin. Mapinduzi yalifanyika tarehe 25 Januari 1971 na siku chache baadae wafungwa wa kisiasa wakaachiwa, yeye akiwemo, na Juni mwaka huohuo Amin akamteua kuwa Jaji Mkuu, mtu wa kwanza wa Uganda kukaa kile kiti.

Hapa mimi na mzee tulibishana sana, jioni nyingi. Nilisema angekataa. Huwezi kupokea haki mkononi mwa mtu aliyekuja na vifaru, na unapopokea cheo kwa mtu aliyekufungulia jela tayari ana kitu cha kukudai. Mzee akanijibu, wakili msomi, angekataa nani angesaini? Nikasema mwingine. Akasema nitajie. Sikua na wa kumtaja. Mpaka leo sehemu yangu moja bado inaona alikosea kukubali, alimwamini Amin kwa sababu ya furaha ya kutoka jela kama ambavyo Waganda wengi walimwamini, walicheza barabarani siku ile. Lakini baada ya kukubali alifanya kazi kama vile sheria ni kitu kizima, hakuna ufa. Na hapo sina ubishi nae.

Agosti 1972 Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Mji mzima uko kwenye hofu, watu wanapotea. Mwezi Septemba Mwingereza mmoja mfanyabiashara akakamatwa na wanajeshi, mawakili wake wakaenda Mahakama Kuu na yale maombi. Kiwanuka akayasikiliza mwenyewe. Akaamuru mtu aletwe, akaletwa, akasema wanajeshi hawana mamlaka ya kumkamata raia namna ile, akamwachia. Jamani fikirieni huyo mteja alikua nani. Sio Mganda, sio Mkatoliki mwenzake, sio mtu wa DP, ni Mwingereza, raia wa taifa lililowatawala, wakati ambao kumtetea mgeni Kampala kulikua hakukupi rafiki hata mmoja. Angeweza kusema nitawasikiliza wiki ijayo. Angeweza kuwapa siku mbili tatu.

Wakaja kumchukua. Mwezi uliofuata akapotea pia Makamu Mkuu wa Chuo cha Makerere, Frank Kalimuzo, na baada ya hapo ikawa mvua.

Miaka miwili iliyopita nilienda Kampala kwa shughuli ya mteja, nikabaki siku moja zaidi kwa ajili yangu. Nikaenda kusimama nje ya Mahakama Kuu asubuhi mawakili wanaingia na majoho mikononi, kina mama wamekaa kwenye nyasi na vyakula kwenye vikapu wanasubiri ndugu zao waletwe na karandinga, sawasawa na kwetu. Siku hizi mahakama yao inamkumbuka kila tarehe 21 Septemba, wanafanya mhadhara kwa jina lake, na hilo ni jema. Nilikua nahesabu kwa macho, kutoka mlangoni mpaka getini ni hatua chache sana. Sijui kwanini nilitegemea pawe parefu.

Nikashuka kwa miguu mpaka Ben Kiwanuka Street. Makelele yaleyale, makonda wanaita, vijana wamebeba marobota ya mitumba. Kuna kijana anauza mabegi nikamuuliza kwa Kiswahili, na siku hizi hata wao hawaogopi, huyu Ben Kiwanuka alikua nani? Akanijibu haraka, alikua jaji, Amin alimuua. Alafu akaniuliza nachukua begi gani. Nilinunua la kubebea laptopu, ndo hili ninalo mpaka saivi.

Yule afande alikata mawasiliano na mimi kwa mwaka mzima kama alivoahidi. Wateja wangu wale wanne niliwahangaikia kwa njia ndefu, nikasubiri kwenye mabenchi, na mmoja alihamia kwa wakili mwingine na sikumlaumu. Mzee alishafariki, Mungu amrehemu, ofisi tunaendesha watatu. Kijana wa bodaboda mkono ulipona ila hauinuki mpaka juu, anauza spea pale stendi, tukionana ananiita mama wakili na mimi nimemzidi miaka michache tu, namuitikia.

Lile faili nimeshalifungua mara saba. Wakati naandika hii ni saa tano na dakika kumi usiku na limefunguka pembeni, nimeshajaza jina na kituo, mama wa huyu wa leo alipiga simu saa moja jioni na mwanae hajatimiza hata siku mbili ndani. Nasimamia hapa niweke tarehe, mfumo leo uko taratibu kweli, kesho saa mbili natakiwa niwe mahakamani.